Jiwe la Hayl: jinsi nilivyokaa kimya na tasnifu ya rafiki yangu Paris

Wakuu, habari za siku nyingi.

Mimi huwa napita hapa kusoma tu, mara nyingi mchana nikiwa kazini Al Khuwair (bosi wangu hajui Kiswahili, alhamdulillah). Lakini juzi kuna kijana kaanzisha uzi anauliza zile shule ndogo za Ufaransa, zinazochukua watu wachache na kuwafunza utafiti tangu siku ya kwanza. Zikoje, na je, mtu ajisumbue kuomba?

Nikasoma majibu yote. Wote wanaojibu wamesikia kwa watu.

Mimi nimesoma huko. Shule siitaji jina, na majina ya watu nimeyabadilisha. Yaliyobaki yote ni kama yalivyokuwa, pamoja na yale yanayoniaibisha.

Kwanza mnijue. Naitwa Salma, mtoto wa Darsait, hapa hapa Maskati. Babu alirudi Oman kutoka Unguja na familia yake, kwa hiyo ndani tunasema Kiswahili, nje Kiarabu, na shuleni nikasoma kwa Kiingereza. Kifaransa hakikuwemo kabisa.

Nilisoma jiolojia chuo hapa. Kama hamjui, milima yetu ina miamba ambayo zamani ilikuwa chini ya sakafu ya bahari, ikasukumwa juu mpaka ikawa mlima. Watu wanatoka dunia nzima kuja kuiangalia. Sisi wenyewe tunakwenda kuchoma mishkaki.

Mwalimu wangu mmoja ndiye aliyenisukuma niombe. Nikatuma maombi, nikaitwa Paris kwa interview. Walikuwa watu watatu. Hawakuniuliza vyeti. Walinipa jiwe mkononi, wakaniambia, "Tueleze."

Nikaeleza kwa Kiingereza dakika ishirini, jasho linanitoka mgongoni. Nikachukuliwa.

Idara yetu mwaka ule tulikuwa wanafunzi kumi na wawili. Kumi na wawili tu, wakuu! Maprofesa walikuwa wengi kuliko sisi. Kila mmoja alipewa ufunguo wake wa maktaba, unaingia unavyotaka, unatoa kitabu mwenyewe. Nilikuwa nautia ufunguo ule kwenye mkufu shingoni kama hirizi.

Leo nikikumbuka Paris sikumbuki ule mnara wao. Nakumbuka harufu ya ile maktaba, vumbi na nta ya sakafu. Nakumbuka chumba changu chenye sinki pembeni ya kitanda, na jiko la pamoja ambapo nilikaanga maandazi Jumamosi, watu wakawa wanafuata harufu ghorofa tatu. Nakumbuka na Bi Odile.

Bi Odile hakuwa profesa. Alikuwa fundi wa karakana ya chini, kazi yake kukata mawe. Analikata jiwe, analisaga, mpaka linabaki jembamba kuliko ngozi ya kitunguu, mwanga unapita. Ukiliweka chini ya hadubini, jiwe lile lile jeusi la barabarani linawaka rangi za kanga. Mara ya kwanza nilitoa machozi. Yeye akacheka, akanipa kitambaa chenye mafuta ya mashine nijifutie.

Lakini darasani nilikuwa nakufa.

Wenzangu walikuwa wamepikwa miaka miwili kwenye madarasa ya matayarisho. Wanasimama ubaoni wanaeleza kama wanaimba. Mimi wiki ya tatu niliitwa ubaoni, nikashika chaki, na Kifaransa chote kikanikimbia. Nilisimama nimeupa uso ubao. Mwisho profesa akasema, "Anayefuata."

Nikaenda kukaa kwenye ngazi. Nilikuwa natafuta tiketi ya kurudi Maskati kwenye simu, wallahi.

Hapo ndipo alipokuja Baptiste. Alikuwa mbele yangu mwaka mmoja, kijana mrefu, sweta lake limetoboka viwiko vyote viwili. Akakaa ngazi ya chini yangu.

"Ulikuwa unajua jibu?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Nalijua."

"Basi tatizo dogo. Mimi nilikuwa silijui na nilisimama vile vile."

Kuanzia siku ile, kila Jumamosi tuliingia darasa tupu. Mimi naeleza ubaoni kwa Kifaransa changu kibovu, yeye anakula maandazi na kunisahihisha. Miezi mitatu. Hakunitaka lolote (najua mnachofikiria, alikuwa na mchumba wake). Kufika Januari niliitwa tena ubaoni na nikamaliza. Baptiste alikuwa kasimama nje kwenye kioo cha mlango, anapiga makofi bila sauti.

Sasa ndio tunafika kwenyewe.

Baptiste alikuwa anaandika tasnifu yake ya mwisho juu ya miamba ya Oman. Hakuwahi kufika Oman. Alitumia mawe yaliyokuwamo kwenye droo za shule, yaliyokusanywa zamani na mtafiti mmoja ambaye ameshafariki. Hoja yake ilikuwa kwamba mawe yanabadilika hatua kwa hatua kwenye bonde moja, kutoka chini kwenda juu. Profesa wake aliipenda sana. Kila mtu alijua akitetea vizuri mwezi wa sita, nafasi ya PhD ni yake.

Siku moja ya Februari aliniletea daftari la yule marehemu. "Nisomee haya majina ya Kiarabu."

Nikasoma. Mawe matatu, yale ya katikati, yaliandikwa yametoka Hayl. Pembeni marehemu kachora kwa penseli: burji, mnara wa ulinzi wa zamani, juu ya jabali moja kubwa, upande umebomoka, na chini yake falaj, ule mfereji wetu wa maji, unapita kati ya mitende miwili iliyopishana.

Wakuu, Oman ina Hayl nyingi. Baptiste kachukulia ile ya upande wa pwani, iliyo karibu na bonde lake. Lakini mimi burji ile nimeipanda. Ni Hayl ya kwao baba, nyuma ya milima, mwendo wa saa nzima na zaidi kwa gari kutoka lile bonde. Nilipigwa kofi na ami yangu Said siku ya Idi kwa kuipanda.

Mawe matatu ya katikati hayakuwa ya bonde lile. Ukiyatoa, ile hoja inakatika.

Nilifunga daftari. Nikamwambia, "Ndiyo, imeandikwa Hayl."

Basi. Sikusema zaidi.

Nilijiambia labda nimekosea, mchoro ni mchoro tu. Nilijiambia na marehemu pengine alichora pale akachukua jiwe kwengine. Jumamosi nikaendelea kukaanga maandazi. Baptiste akiniuliza mbona kimya, nasema nimekumbuka nyumbani.

Februari ikapita. Machi ikapita.

Aprili nilikuja Maskati likizo. Siku ya pili tu nikamwomba Ami Said anipeleke Hayl. Alidhani nataka kuwazuru watu, akafurahi, akabeba kahawa na halwa. Tulipofika nikatoa picha ya daftari kwenye simu.

Ami akaitazama, akaitazama burji. "Nani huyu katuchora?"

Jabali ni lile. Mtende umebaki mmoja, kisiki cha mwenziwe kipo. Nikavunja jiwe chini ya jabali kwa nyundo, nikalifunga kwenye mtandio.

Jioni ile mama alikuwa jikoni anapepeta mchele. Nikamweleza yote. Hakujua habari za miamba, lakini alimjua Baptiste kwa jina, maana mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akinitumia hiliki za yale maandazi.

"Nna suali moja," akasema. "Yeye keshajua?"

"Bado."

"Ami yako kajua. Mie nishajua. Na huyo mwenye kitu chake hajui?" Akaweka ungo chini. "Mwanangu, hapa wafanya nini?"

Niliporudi Paris nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Odile. Akalikata jiwe langu bila kuuliza. Tukaliweka chini ya hadubini pamoja na lile la kwenye droo. Chembe zile zile, nyufa zile zile zilizojaa kijani. Bi Odile akanyanyua kichwa. "Baptiste kayaona haya?"

Nilimkuta uani anakula mkate. Nikampa vyote, picha, jiwe, na vile vioo viwili vyenye vipande vya mawe alivyokata Bi Odile. Nikaeleza, kwa Kifaransa kizuri alichonifunza mwenyewe.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Akaniuliza jambo moja.

"Umejua tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu juzi. Nilikuwa na jiwe la Aprili mkononi, angeamini.

"Tangu siku ile uliponipa daftari."

Akakunja karatasi ya mkate wake taratibu. Akaondoka. Hakunisemesha tena mpaka mwaka ukaisha.

Wiki iliyofuata ilikuwa semina ya idara, wote tupo, maprofesa mstari wa mbele. Zamu ya Baptiste. Akasimama ubaoni, akachora bonde lake, kisha akachukua dasta akafuta katikati.

"Mawe haya matatu si ya hapa," akasema. "Nilikosea mahali. Aliyegundua ni Salma. Nafikiri aje aeleze yeye."

Nikaenda. Nikachora burji, mitende, njia ya gari. Nikaandika Hayl mbili, moja huku na moja kule. Profesa wake alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Aliniuliza maswali magumu nusu saa. Yote nikajibu. Baptiste alikuwa amekaa pembeni anaandika majibu yangu kwenye daftari lake kama mwanafunzi mwengine yeyote.

Zilibaki wiki sita. Akajaribu kuijenga upya tasnifu, hazikutosha. Alitetea, akapita, lakini nafasi ya PhD hakuipata.

Julai profesa akaniita ofisini. Akasema mada ya miamba ya Oman inahitaji mtu anayeijua ardhi. Akanipa mimi, nianze nikishamaliza mwaka wangu uliobaki.

Nikaikubali.

Nimewahi kuwasimulia watu kisa hiki nikaruka hapo. Leo siruki. Nilisaini karatasi siku ile ile, na furaha niliona. Halafu nikashuka karakana, Bi Odile akanipa mkono wa pongezi, na mkono wake ulikuwa mlegevu.

Miaka minne nilifanya utafiti ule. Nusu mwaka huko, nusu mwaka milimani kwetu. Ilikuwa miaka mizuri kuliko yote ya maisha yangu, siwezi kudanganya. Asubuhi za baridi unaingia, kahawa ya mashine, mtu anakukamata koridoni anakuuliza swali ambalo hajalijibu mtu duniani, mnasimama pale mpaka kahawa inapoa. Sijapata tena kitu kile. Kazini kwangu sasa tukikutana koridoni tunaulizana hali na parking.

Baptiste alikwenda kufundisha sekondari kwenye mji mdogo wa milimani kusini mwa Ufaransa. Tukawa tunatumiana salamu za mwaka mpya, maneno mawili matatu.

Majira ya baridi yaliyopita kaniandikia kwamba anakuja Maskati na mkewe. Nikawapokea. Mvi zimemwingia. Nyumbani Darsait mama akampikia pilau, na alivyokuwa kasikia miaka yote habari zake akawa anamwongezea tu, mwenyewe hajui namna ya kukataa.

Siku ya pili nikawapeleka Hayl. Mkewe akabaki na kina shangazi, wanamfunza kunywa kahawa. Sisi wawili tukaenda mpaka chini ya jabali. Akaligusa kwa kiganja.

Nikamwambia neno ambalo sikuwahi kulisema. "Baptiste, nisamehe."

"Kwa kuniambia?"

"Kwa kuchelewa."

Akatikisa kichwa. "Ungeniambia Februari ningekuwa na miezi minne. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi. Miezi minne ingenitosha." Halafu akanitazama. "Nilikwisha kukusamehe zamani. Lakini nafurahi umeomba."

Tukarudi kunywa kahawa.

Basi wakuu, kijana aliyeuliza: omba. Lugha utajifunza, baridi utaizoea. Akili zenyewe utakazozikuta huko si za ajabu kama watu wanavyosema. Nilichokiona cha ajabu ni mtu wa miaka ishirini na mbili kushika dasta mbele ya watu wote akafuta kazi yake mwenyewe.

Na fundisho langu ni dogo. Mimi nilidhani nina uamuzi mmoja tu, kusema au kutosema. Kumbe kosa halikuwamo humo. Ukweli niliusema, tena wote. Niliusema wakati hauwezi tena kumfaa mwenyewe.

Nimesema yangu. Kama kuna mwenye swali la maombi, la interview au la maisha ya kule, aulize hapa nitajibu kila nikipata nafasi. Na kama kuna aliyewahi kumchelewesha mtu ukweli wake, aje atuambie alifanya nini baadaye. Mie ilinichukua miaka kumi na mbili kusema nisamehe, na namba yake ya simu nilikuwa nayo muda wote.