Siku Niliyosubiri Kompyuta Iitikie Shikamoo

Ni kweli niliiamkia kompyuta. Ni kweli pia kwamba nilikaa kwenye kiti nikasubiri iitikie, na kwamba ilipokosa kuitikia niliiamkia tena na tena, na kwamba haya yote yalikuja kuonekana ukutani mbele ya watu wazima wenye akili zao. Sikatai. Ninachokataa ni chumvi zinazoongezwa sokoni Kiomboi, eti nilipiga magoti, eti niliipelekea kompyuta mayai ya kienyeji. Sikupeleka mayai. Kwa hiyo nimeamua niseme mwenyewe, kwa mpangilio, maana mimi ni katibu, daftari langu ninalo, na yaliyotokea wiki ile niliyaandika kila moja na saa yake.

Kikundi chetu kiko Kinampanda, tunalima alizeti, na nimekuwa katibu tangu kinaanza, hata jina langu watu wameshalisahau, wananiita Mama Katibu tu. Shida yetu ya miaka yote ni mashine ya kukamulia. Hatuna. Kila msimu tunabeba magunia kwenda mbali na kupanga foleni kuanzia asubuhi, na ukizubaa kidogo unarudi na gunia lako kama ulivyokwenda nalo. Sasa ukaja mradi mmoja (siutaji, wenyewe wanajijua) ukatangaza kwamba kata yetu itapewa mashine moja, itakabidhiwa kikundi kimoja, maombi yatumwe kwa barua pepe na si vinginevyo, mwisho Ijumaa saa kumi jioni, na atakayetangulia ndiye atakayefikiriwa kwanza. Hilo la kutangulia likumbukeni.

Vikundi vyenye sifa kwenye kata yetu vilikuwa viwili, chetu na cha wenzetu wa ng'ambo ya korongo, ambacho katibu wake anaitwa Gunda, mtu wa miaka thelathini na kitu anayetafuna jojo hata kwenye kikao.

Mradi ukatuita makatibu wote wa wilaya kwenye mafunzo ya siku tano, kwenye ukumbi pale Kiomboi. Kompyuta ishirini, watu ishirini, mwalimu mmoja anayeitwa Fadhili. Jumatatu tulifundishwa kuwasha na kushika mausi. Jumanne tukafunguliwa barua pepe, kila mtu yake, na hapo ndipo Mwalimu Fadhili alisema maneno ambayo niliyaandika neno kwa neno, saa tano na robo: "Msiogope. Barua pepe ni sawasawa na kwenda ofisini kwa mtu, ila huchoki miguu." Kila mtu akacheka, na mimi nikacheka, nikaona huyu kijana anafundisha vizuri. Jumatano tukachapa barua zetu za maombi, tukazihifadhi humo humo kwenye mashine. Alhamisi akasema haya sasa, kila mmoja atume ya kwake.

Nikakaa kwenye kompyuta yangu, ya tatu kutoka mlangoni, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo ulioniletea makubwa. Nilijiuliza, mtu ukienda ofisini kwa mtu unaanzaje? Mimi nimelelewa na mama aliyekuwa anakurudisha hadi barabarani ukiingia kwa watu na maneno mdomoni. Unapiga hodi, unaamkia, unasubiri uitikiwe na ukaribishwe, ndipo unasema kilichokuleta. Tena hodi yenyewe ni kama ndoo ya bombani, ukishaiweka kwenye mstari unaweza hata kukaa kivulini, zamu yako ipo na kila mtu anaiona. Kwa hiyo saa nne na dakika kumi na mbili, Alhamisi (ipo kwenye daftari), nikaandika kwa kidole kimoja: "Hodi hodi. Shikamoo Mkurugenzi. Ni Mama Katibu wa kikundi cha alizeti Kinampanda." Nikatuma. Nikafunga mikono nikasubiri.

Haikupita hata dakika. Likaja jibu: "Asante kwa kuwasiliana nasi. Ujumbe wako umepokelewa. Utajibiwa ndani ya siku mbili za kazi. Tafadhali usijibu ujumbe huu."

Jamani, nilisoma mara tatu. Marahaba iko wapi? Mtu amekaa, amepata muda wa kuandika mistari minne, lakini marahaba, neno moja, limemshinda. Halafu ananiambia nisijibu! Mtu amekwambia asante na wewe unyamaze kama gogo? Nikaandika: "Asante nawe. Ila shikamoo yangu hujaiitikia, labda hukuiona. Shikamoo." Likarudi lile lile, neno kwa neno. Nikaona labda ana watu wengi ofisini, nikampa nafasi nikanywa maji, nikaandika tena: "Poleni na kazi. Habari za hapo? Watoto hawajambo?" Asante kwa kuwasiliana nasi. Nikaandika tena. Asante kwa kuwasiliana nasi. Huyo mtu hata watoto hana habari nao.

Mwalimu Fadhili alipita nyuma yangu saa tano kasoro dakika tano, akauliza, "Mama Katibu, tunaendeleaje hapa?"

Nikamwambia, "Nimeshapiga hodi, mwalimu. Nasubiri kukaribishwa."

Akasema, "Vizuri sana," akaenda zake kwa Gunda, maana Gunda alikuwa anamwita kila dakika mbili kama mgonjwa wa wodini.

Vizuri sana. Na hilo lipo kwenye daftari.

Hadi saa sita nilikuwa nimeshatuma salamu kumi, na nikaanza kuwaza kwamba pengine huyu si mkubwa kama ninavyodhani, pengine ni kijana mdogo, anaona aibu kuitikia shikamoo ya mtu mzima. Hapo nikapandwa na hasira kidogo, nikaandika ya kumi na moja, ambayo leo kila mtu Kiomboi anaijua kwa moyo: "Kama wewe ni kijana, basi wewe ndiye wa kuniamkia mimi. Nina miaka hamsini na saba. Nasubiri."

Nikainuka nikaenda nyumbani. Sikufunga ile barua pepe yangu, na tulikuwa tumefundishwa kufunga. Lakini nifunge nini wakati bado nipo mlangoni kwa mtu? Mtu haagi kabla hajakaribishwa.

Jioni nikapita kwa mwenyekiti wetu, Mzee Msengi, nikamkuta anapepeta alizeti uani. Nikamwamkia, akaitikia (unaona jinsi lilivyo jambo rahisi), akauliza, "Maombi umetuma?"

"Nimepiga hodi tangu saa nne, mzee. Hawajaitikia."

Akaweka ungo chini. "Hawajaitikia kabisa?"

"Wanasema asante tu."

Mzee akatikisa kichwa. "Basi ngoja. Umefanya sawa kabisa. Huwezi kumwaga maneno mlangoni kwa watu, watatuona hatuna adabu, mashine watatunyima kwa hilo." Nikaandika: Mwenyekiti akasema, sawa kabisa. Saa kumi na mbili kasoro robo.

Ijumaa ilikuwa siku ya kufunga mafunzo. Wenyeviti walialikwa, maofisa wawili wa mradi walikuja, ukumbi ukajaa hadi watu wakasimama madirishani. Saa tisa kasoro, Mwalimu Fadhili akataka kuwaonyesha wageni tulivyoiva, akachukua kompyuta akaiunganisha na ile taa inayotupa picha ukutani. Na kati ya kompyuta ishirini, akachukua ya tatu kutoka mlangoni.

Ukuta wote ukawa mimi. Hodi hodi. Shikamoo Mkurugenzi. Shikamoo, labda hukuiona. Watoto hawajambo? Herufi moja saizi ya sahani. Mwalimu mwanzoni hakuelewa, akadhani ni mfano mzuri, akaanza kuisoma kwa sauti ile ya darasani, moja baada ya nyingine, na alipofika "Nina miaka hamsini na saba. Nasubiri," ukumbi ulipasuka. Watu walicheka hadi mmoja wa maofisa akavua miwani akajifuta macho. Gunda alisimama kabisa ili acheke vizuri.

"Mama Katibu!" akaita. "Imeshaitikia, au bado ina aibu?"

"Mwacheni," mwingine akadakia, "labda kompyuta yenyewe ni mkubwa kwake!"

Nikamtazama Mzee Msengi anisaidie. Mzee alikuwa anatazama dari. Jirani yake akamuuliza, na nilimsikia kwa masikio yangu akijibu, "Mimi sijui, mambo ya kompyuta ni ya katibu." Huyo ndiye aliyesema sawa kabisa!

Nikasimama. Nikafungua daftari langu. Nikasema, "Mwalimu, Jumanne saa tano na robo ulisema barua pepe ni sawasawa na kwenda ofisini kwa mtu. Ulisema, hukusema?"

"Nilisema, mama, lakini..."

"Mimi nimekwenda. Sasa niambie, ofisini alikuwepo nani?"

Akakuna shingo. "Hakuwepo mtu, mama. Ile ni mashine, inajibu yenyewe."

"Kwa hiyo mlangoni mmemweka asiye mtu, mkamfundisha kusema asante, mkamfundisha kusema usijibu, lakini kumfundisha marahaba mkaona kazi?"

Wakacheka tena, ila safari hii wengine walikuwa wanacheka upande wangu, wamama wa nyuma hasa, mmoja akapiga kigelegele. Yule ofisa mwenye miwani akaacha kucheka. Akaniuliza kwa upole, "Lakini mama, maombi yenyewe umeshatuma?"

Saa ya ukutani ilisoma saa tisa na dakika ishirini na tano. Nikasema bado.

Mzee Msengi akashuka haraka kutoka kwenye dari. "Bado?"

Basi nikaenda mbele, nikakaa kwenye ile kompyuta, na hakuna aliyekumbuka kuizima taa ya ukutani, kwa hiyo kila nilichogusa kilionekana na ukumbi mzima. Natafuta herufi ya M, watu wanasema, "Chini, mama, chini kulia!" Nimekosea, wanaguna kama wanatazama penalti. Nilipotuma mara ya kwanza, sauti zaidi ya ishirini zikapiga kelele kwa pamoja: "Kiambatisho! Hujaweka barua!" Na kweli, nilikuwa nimetuma bahasha bila barua. Nikarudia. Na naomba ieleweke kwamba hata hapo, jasho linanitoka, wakati unakwisha, nilianza na shikamoo. Ikaenda saa kumi kasoro dakika sita. Na jibu likaja ukutani hapo hapo, asante kwa kuwasiliana nasi, na ukumbi mzima ukaitikia kwa sauti moja, "Marahaba!"

Natoka nje namkuta Gunda amepanda bodaboda. "Sisi tulituma jana saa saba mchana, Mama Katibu. Hata hodi hatukupiga."

Jumanne iliyofuata nilikwenda Kiomboi, kwenye duka la stationari, nikafungua barua pepe yangu. Lilikuwepo jibu, na safari hii lilikuwa la mtu kweli: "Shikamoo mama. Samahani sana. Ni kweli mimi ni kijana, nina miaka ishirini na sita, nilipaswa kukuamkia. Maombi yenu yamefika kwa wakati na ni mazuri. Ila kwa kata yenu maombi ya kwanza kupokelewa yalikuwa ya kikundi kingine, Alhamisi saa saba, nayo yamekamilika."

Nikaandika: "Marahaba mwanangu. Naomba utazame saa. Mimi nilifika mlangoni kwenu Alhamisi saa nne na dakika kumi na mbili, nikaweka hodi yangu kwenye mstari. Huyo amefika saa saba, amenikuta nimesimama, amenipita bila salamu, akaingia. Kwenu huko nani ametangulia?" Akanijibu kwa adabu sana kwamba ananielewa, na kwamba utaratibu ni utaratibu.

Mashine ikaenda ng'ambo ya korongo. Kwenye kikao Mzee Msengi alitaka ajenda ya uzembe wa katibu, nikamsomea ukurasa wake, saa kumi na mbili kasoro robo, ajenda ikaondolewa. Lakini usidhani nilitoka kwenye kikao kile nimeinua kichwa. Kila mmoja wa wenzangu alikuwa anafikiria gunia lake.

Kwa hiyo nimeapa. Kwenye barua pepe sitasimama tena mlangoni kwa mtu. Salamu, shida, kiambatisho, vyote kwa pumzi moja, halafu nafunga, hata kama roho inaniuma.

Lakini hiyo ni kwenye barua pepe. Msimu huu alizeti yetu tunaikamulisha kwa Gunda, na mlango wa kile kibanda cha mashine ni mmoja, mwembamba. Nikifika ninalitua gunia langu katikati ya mlango, nalikalia, nafungua daftari, naandika saa. Gunda anasema, "Mama Katibu, ingiza mzigo, watu wanasubiri." Mimi simjibu. Nyuma foleni inarefuka, watu wanaanza kupiga miluzi, yeye anatafuna jojo lake, anatazama pembeni, anazima mashine, anaiwasha tena, mwisho anakuja hadi pale nilipokaa, anainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama Katibu."

"Marahaba," namjibu, nainuka, naingiza gunia.