Nilivyomtafuta mkalimani wa Kihungari na Kijerumani, nikampata Pumwani

Wakuu, heshima zenu. Vijana, niaje.

Mimi ni mzee wa Makadara. Haya niliyaona mwenyewe, chumvi sijatia.

Miaka ya hamsini nilikuwa karani kwenye mradi wa visima. Bosi alikuwa injinia Mjerumani. Pampu zikaja na fundi Mhungari, Janos, mkimbizi aliyetoroka vita kwao.

Shida ni kwamba Janos alijua Kihungari tu. English hana, Kijerumani hana.

Wiki nzima pampu zikakaa kwenye maboksi, wawili hao wakinyoosheana vidole mpaka wanakasirikiana.

Bosi akaniambia, "Nitafutie interpreter kufikia Ijumaa, ama nafunga kazi."

Estate yetu, ambayo visima hivyo vilikuwa viiletee maji, ilikuwa na bomba moja. Mke wangu alipanga foleni pale na mimba ya miezi minane.

Nikazunguka makanisa, hoteli za town, mpaka railway. Na enzi hizo Mwafrika ulikuwa unasimamishwa kila kona uonyeshe pass. Wapi! Sikupata mtu.

Alhamisi nikapita Pumwani kwa Bi Zena, mama wa Kiswahili aliyekuwa akiniuzia vitumbua miaka mitatu.

"Mwanangu, mbona umenuna?"

Nikamweleza. Akaweka mwiko chini.

"Kijerumani nimekua nacho Tanga, baba alikuwa mpishi wa Wajerumani. Kihungari nilikipata Arusha, kwa familia ya Wahungari. Nilimlea mtoto wao, Ilona, miaka kumi na moja. Halafu wakarudi kwao."

Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Kesho yake akaja kazini na buibui lake, akamsalimia Janos kwa Kihungari. Wakuu, yule mwanaume aliketi juu ya boksi akafunika uso.

Kazi ikaenda. (Neno "valve" hakulijua, alisema "koo la maji" na wote wakamwelewa.) Maji yakatoka kabla mke wangu hajajifungua.

Lakini kila baada ya lunch Bi Zena alimkalisha Janos wapige story. Siku moja akamwimbia wimbo aliokuwa akimbembelezea Ilona. Janos akatabasamu, akamrekebisha.

Bi Zena akanigeukia. "Kumbe neno moja nilikuwa nakosea. Ndiyo maana mtoto alikuwa akicheka. Miaka yote hiyo sikujua."

Akafuta macho kwa ncha ya buibui.

Kazi ya pampu ilipokwisha, Janos akapelekwa nchi nyingine. Bi Zena akawa ananiuliza kila tukionana, "Ofisini hajaja Mhungari mwingine?"

"Bado, mama."

Asubuhi moja nilimkuta jikoni peke yake anaongea lugha ile. Anauliza, anajijibu. Nikasimama mlangoni, sikubisha mpaka alipomaliza.

Alifariki bila kumpata mwingine.

Nilichojifunza: nilimjua miaka mitatu na sikuwahi kumuuliza ametoka wapi, mpaka siku niliyokuwa na shida yangu.

Nanyi semeni hapa chini. Mtaani kwenu kuna nani mwenye lugha asiyekuwa na wa kuizungumza naye?