Jibu la Swali la Tisa

Katika nyumba ile, karani alikuwa mke, fundi cherehani. Mumewe, fundi bomba, hakuna uvujaji uliomshinda, lakini mpe kalamu uone jasho linavyomtoka. Kila fomu ilijazwa na mke. Yeye alitia sahihi tu, tena kwa madaha ya waziri.

Basi wifi mtu alipoanza kazi ya kuuza bima ya maisha, akawaletea fomu, wakaitandaza juu ya meza ya cherehani, kati ya sketi za shule. Swali la tisa liliuliza kama mwombaji amewahi kutibiwa shinikizo la damu. Mume alikuwa anatibiwa mwaka mzima, kimyakimya. Alimsihi mkewe mama yake asijue, maana mama mwenyewe ni mgonjwa wa moyo. Na wifi hakuwa na kifua. Ukimwambia jambo asubuhi, mchana mama analo. Sasa alikuwa amekaa palepale, macho kwenye karatasi. Mke akaandika "Hapana". Mume akasaini bila kusoma.

Baada ya miezi kumi na minne fundi bomba alianguka kazini, akafa. Watu wa bima hawampekui mtu anapolipa, humpekua akishakufa. Waliomba faili la hospitali, wakakuta vidonge vyote alivyoandikiwa vimeorodheshwa mle. Barua yao ilikuwa fupi: mwombaji alificha ugonjwa, bima imefutwa, familia itarudishiwa alichokwisha kulipa tu. Binti yao alikuwa ameshapata nafasi chuo cha uuguzi, na tegemeo lake lilikuwa bima hiyo.

Wifi aliisoma barua kwa sauti sebuleni, mbele ya binti na mama mkwe.

"Kwa hiyo baba alidanganya?" binti akauliza.

"Mwanangu hakuwa hivyo," mama mkwe akasema, machozi yakimtoka. "Kumbe simjui niliyemzaa."

Fundi cherehani angeweza kunyamaza. Marehemu hajitetei, na hakuna aliyeuliza mwandiko ni wa nani. Lakini alishindwa kuvumilia mumewe aitwe mwongo.

"Mama, yeye hata hakuisoma. Niliandika mimi."

"Kwa nini, mwanangu?"

Akamtazama wifi, akamtazama mama mkwe aliyekuwa ameshika kifua kwa mkono mmoja. Angewaambia nini, kwamba sababu ni wao wawili?

"Nilikosea tu, mama," akasema.

Binti akainuka pembeni yake, akaenda kukaa na shangazi yake.