Mwalimu Aliyeitwa Komunisti

Enzi zetu za Zaire, ninyi wa rika langu mnajua, mtoto alikuwa mwanachama kabla hajaota meno. Hukuomba kujiunga, ulizaliwa ndani ya Chama kama ulivyozaliwa ndani ya ukoo. Kule Uvira asubuhi tulipanga mistari mbele ya bendera, tukamwimbia Rais na jeshi lake huku harufu ya ndagala wa kukaanga, dagaa wa ziwa letu, ikitujia kutoka ng'ambo ya barabara na matumbo yakiitikia. Jioni wasichana tulicheza nzango, tukirusha miguu na kupiga makofi, na hata humo tuliimba nyimbo za Chama maana ndizo tulizozijua. Wanangu hapa Buffalo, Marekani, wakicheza, kinachochoka ni kidole gumba.

Papa, yaani baba yetu, alikuwa kiongozi wa Chama mtaani. Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia barabara, wanajeshi walikuja kula kwetu. Walituambia adui ni komunisti, atakuja kugawa mbuzi wetu. Mimi nilidhani ni mnyama.

"Papa, komunisti iko na mukia?"

Papa akacheka hadi akamwaga chai. "Hapana. Ni mutu tu, mwenye anakatala kucheza wenzake wakicheza."

Basi siku moja shule nzima iliitwa kwenda kumchezea mkubwa wa jeshi aliyepita mjini. Mwalimu Byamungu, wa darasa letu la tano, akafunga mlango. "Leo tunamaliza hesabu. Ngoma itangoja." Nilifika nyumbani nikamsimulia Papa yote, kwa fahari ya mtoto mwenye habari.

Kesho yake wanajeshi wale wale waliokula ugali wetu wakamtoa Mwalimu darasani, chaki ingali mkononi. Nilimtazama hadi gari likapinda kona. Hakuwa na mkia.

Alirudi baada ya majuma mengi, akichechemea, na hakufundisha tena. Papa hakuniuliza kitu, nami sikumwambia mtu kwamba maneno yalitoka kwangu.

Kisha Chama kikaanza kulegea. Redio ikatangaza kwamba vyama vingine ruksa. Mishahara ya wanajeshi ikakatika, wakaingia mitaani kupora, na kwetu walipajua vizuri. Walibeba cherehani ya mama, masufuria, hata mlango. Majirani walisimama wakitazama, mikono kifuani.

Aliyevuka barabara ni Mwalimu Byamungu, na sufuria ya maharage.

"Bon, watoto wamekula?"

Papa alikaa chini bila kuinua uso. "Mwalimu, unisamehe."

"Kwanza watoto wakule. Tutaongea."

Hawakuongea. Vita vilikuja, kila mtu akakimbia na njia yake. Papa alifia kambi ya wakimbizi, tukamzika tukiwa watu wanne.

Sasa naishi Riverside, mtaa wa hapa Buffalo. Mdogo wangu wa kiume yuko mji wa Columbus; Jumapili nikimpigia simu baada ya ibada, nikamtaja Papa tu, ananikatiza mimi dada yake mkubwa: "Yaya, hayo usiniletee. Watu wa Uvira wako huku, donc wanakumbuka kazi ya Papa." Dada yetu wa Louisville alizaliwa mwishoni, anakumbuka kambi tu. Wanangu wananijibu kwa Kiingereza kwamba wana kazi za shule.

Mchana nahudumia wazee kwenye makao yao huko Cheektowaga, kando ya mji. Juzi bibi mmoja, nikimchana nywele, alinieleza kwamba utotoni walifundishwa kujificha chini ya dawati, wakomunisti wakija na mabomu yao. Akacheka. Nikasimamisha kitana. Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilimjua mmoja, na ni mdomo wangu uliompeleka. Lakini Kiingereza changu kinatosha tu kusema inua mkono, meza dawa.

Zamani tulilazimishwa kuimba, na mji mzima uliitikia. Leo hakuna anayenilazimisha neno, na yale ninayotaka kuyasema sina wa kuyasikia. Nilimsuka bibi yule nywele zake chache, nikamfunika miguu, nikaenda chumba kinachofuata.