Kapo ya Gari Namba Tisa

Enzi zetu pale Kasongo tulikuwa na gari la mashindano, tena la kweli, ingawa halikuwa na tairi hata moja. Lilikaa juu ya matofali katika depo ya zamani ya pamba, jekundu, lenye kiti kimoja na namba tisa ubavuni. Mlinzi wake, Papa Sefu, alilifuta vumbi kila Jumamosi. "Hii motokari ilishinda zingine zote," alikuwa akituambia. Tulimcheka. Hata hivyo alituruhusu kupanda kwa zamu. Nilikuwa msichana pekee, na dereva mkali: wenzangu walinguruma kwa midomo mpaka mate yakaruka, nami nilifika mji wa Nyangwe na kurudi kabla ya kengele ya shule. Watoto wa leo wanakimbiza magari kwa kidole gumba ndani ya simu, wameketi, halafu wanasema wamechoka.

Baba alikuwa fundi wa kuyeyusha aluminiamu na kumimina masufuria kwenye mchanga. Msimu mmoja alikosa vyuma chakavu kabisa, tukawa tunakula mara moja kwa siku. Papa Sefu alipoenda kuswali adhuhuri, niliwaongoza wenzangu tukaing'oa kapo, kile kifuniko cha aluminiamu cha injini ya gari. Baba aliipokea bila kuuliza. Ilitoa masufuria manne; matatu yakauzwa, lile kubwa likabaki kwa mama.

Papa Sefu akaitwa mwizi, akafukuzwa kazi. Mimi nikanyamaza. Mama akaanza kumpelekea sombe, mboga ya majani ya muhogo, kila Ijumaa, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Baadaye lori lilikuja kulichukua gari, tukalisahau. Juzi mwanangu alinionyesha kwenye simu mnada wa mtandaoni wa huko Ulaya. Namba tisa ile ile! Wameandika kwamba ni gari adimu sana, na kwamba lilishinda kweli. Chini wameongeza: kapo yake ya asili haijulikani iliko. Niliona aibu utadhani nimekamatwa siku ile ile.

Nikaenda na simu kwa Papa Sefu. Ni mzee sana sasa, lakini aliitambua picha mara moja, akacheka mpaka akakohoa. "Nilisema, siyo? Mulikuwa munanicheka!"

Nikamwambia kapo niliiba mimi.

"Najua, mama," akasema. "Kapo haiko, na mu nyumba yenu sufuria mupya iko. Ningesema, wangemufunga baba yako. Ninyi mungekula nini?"

Nililia mbele yake bila kujificha.

Siku hizi mtoto akikosea, jirani anamrekodi kwanza, ndipo anauliza ni wa nani. Enzi zetu mtu mzima aliweza kubeba jina la mwizi maisha yake yote ili watoto wa jirani wale. Lile gari litapata mnunuzi huko. Sufuria bado ninalo, na Ijumaa hii nimelibeba mwenyewe hadi kwake, limejaa sombe.