Mistari ya Mkaa kwenye Tangazo la Baiskeli

Kila asubuhi, kabla hajagusa kompyuta, Zenon alinawa mikono mara mbili kwa sabuni, kisha akazikagua kucha zake dirishani. Lydia, mwenye chumba cha intaneti pale Sumbawanga, hakuacha kumtania.

"Daktari, leo unapasua nani? Na hao Wazungu wako wanaonunua matangazo ya sabuni, sabuni yenyewe wamekosa?"

Zenon alicheka, akawasha kompyuta. Mwaka ule wa 2007 hii ndiyo iliyokuwa kazi yake: kukata kurasa za matangazo kwenye majarida ya zamani na kuwauzia mtandaoni watu wanaozikusanya. Mjini majarida yalipokwisha, alikumbuka nyumba za vijijini, ambako watu walibandika kurasa ukutani kwa uji wa unga wa ngano ili kuzuia vumbi la udongo. Akakumbuka ukuta wa shangazi yake, Albina, karibu na Namanyere.

Alikwenda Jumapili, shangazi akiwa kanisani. Kando ya mlango palikuwa na tangazo la baiskeli, na juu yake mistari mitatu ya mkaa. Ilikuwa ya Kristiana, binti wa pekee wa shangazi: kimo chake akiwa na miaka minne, mitano na sita. Wa miaka saba haukuchorwa; surua ilimchukua. Ule wa miaka sita aliuchora Zenon mwenyewe, akimbana binamu yake kichwa asijinyanyue kwa vidole vya miguu.

Alilowesha ukuta kwa maji ya uvuguvugu, akabandua ukurasa, akaweka kalenda mpya inayong'aa. Mjini aliusugua mkaa kwa sehemu laini ya ndani ya mkate mpaka ukatoka, maana mnunuzi wa Ubelgiji alitaka karatasi safi.

Bahasha ilikuwa tayari kwenda posta pale Albina alipoingia chumba cha intaneti, viatu vimejaa vumbi la safari.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Kalenda yako nzuri. Nimefuata karatasi yangu."

"Nilitaka kukupendezeshea nyumba, shangazi..."

"Najua. Nipe tu, baba."

Lydia aliacha kuandika. Zenon akaichana bahasha, akampa ukurasa kwa mikono miwili. Albina akausogeza dirishani. Akapitisha kidole pembeni mwa gurudumu, taratibu, kutoka chini kwenda juu, akarudia. Akaugeuza nyuma, kama mtu anayedhani ameshika upande usio wenyewe. Halafu akaugeuza tena mbele.

Zenon alifikiria maji. Alifikiria jua, panya, miaka. Uongo wote ulikuwa karibu, na shangazi angeukubali wowote kwa sababu alimpenda.

"Ile mistari ya mtoto," Albina akauliza, "imefutika yenyewe?"

"Hapana, shangazi. Niliifuta mimi."