Jina la Tisa katika Safari ya Kigali

Ni saa mbili unusu asubuhi ya Ijumaa, na mteja wa kwanza wa Philister Nasimiyu anaanza siku kwa kuonyesha picha. Ni kijana anayeitwa Karanja, mhasibu katika kampuni moja ya Kilimani. Ameweka simu mezani, na kwenye simu hiyo kuna hoteli ya Istanbul yenye bwawa juu ya paa na bahari mbele ya dirisha. Anataka siku nne pale, yeye na mke wake wa miezi mitatu.

Philister haitazami picha hiyo kwa muda mrefu. Anamwuliza wakirudi wangependa kuwasimulia nini watu wa nyumbani. Karanja anajikuna kidevu, kisha anataja misikiti, soko la zamani, na ile feri ya kuvukia kutoka upande mmoja wa mji hadi wa pili.

"Hoteli hujaitaja," Philister anamwambia. "Na usiku mtakuwa mmelala. Mtu amefumba macho, bahari ataiona saa ngapi?"

Robo saa baadaye, safari ya shilingi laki mbili na elfu tisini imeshuka hadi laki moja na themanini. Wataondoka Jumanne badala ya Ijumaa. Watalala mtaa wa nyuma, karibu na kituo cha treni ya mjini, na pesa watabadilisha mjini, si uwanja wa ndege. Karanja anashuka ngazi akipiga simu nyumbani. Hajalipa hata senti, lakini ametoka akitabasamu, na Philister anasema wanaotoka hivyo hurudi.

Hii ndiyo kazi yake: kuwapangia watu safari za miji ya nje, kila mmoja kwa kadiri ya mfuko wake. Ofisi ni meza moja kwenye ghorofa ya pili ya jengo la katikati ya Nairobi lililogawanywa kwa mbao na vioo hadi kila mlango ukawa duka. Meza ya pili ni ya Zedekiah, fundi wa saa, ambaye hulipa nusu ya kodi na kusikiliza safari zote bila malipo.

Leo, hata hivyo, macho ya Philister hayatulii kwa wateja. Yanarudi kila mara kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Ina majina tisa ya wanawake wa chama kimoja cha Kangemi wanaokwenda Kigali mwezi ujao. Manane yamewekwa alama ya ndiyo. La tisa, Kanyiva, halina kitu, na kampuni ya basi imekubali kumshikia kiti hadi saa sita mchana tu.

"Asipoenda, ni mimi nimemtoa," anasema. "Si pesa. Si mtu mwingine. Ni mimi."

Philister ana miaka arobaini na mitatu. Alikuja Nairobi kutoka Bungoma mwaka wa 2004 na kupata kazi ya kupika chai katika ofisi ya usafiri ambayo sasa imefungwa. Watu wakimhoji hupenda kusikia kwamba alikuwa na ndoto ya ndege tangu utotoni. Yeye huwakatiza mapema. Ndoto haikuwepo, anasema, ila kulikuwa na simu iliyokuwa ikilia sana wakati wasichana wa mapokezi wameenda kula, naye akachoka kuisikia ikilia.

Akaanza kuipokea. Kufikia mwaka wa tatu alijua ni mwezi gani Dubai huwa nafuu na ni mitaa gani ya Addis Ababa mgeni anaweza kulala vizuri bila kuuza ng'ombe. Korona ilipofunga ofisi ile, aliondoka na barua ya shukrani na daftari lake. Mwezi mzuri humwachia shilingi elfu arobaini na tano baada ya kodi. Februari iliyopita ilimwachia elfu tisa, na binti yake Becky yuko kidato cha tatu.

Yeye mwenyewe hajawahi kupanda ndege. Ng'ambo aliyowahi kufika ni Malaba ya upande wa Uganda, alikokwenda kununua kitenge akarudi kabla ya chakula cha jioni. Zedekiah humtania kwamba anauza maziwa na hajawahi kumwona ng'ombe, naye humjibu kwamba yeye Zedekiah hutengeneza saa na hajawahi kufika kazini kwa wakati.

Katika daftari lake, kila mji una kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ni wa mwenye nacho. Wa pili ni wa anayejibana. Wa tatu ni wa mtu aliyeweka akiba mwaka mzima kwa ajili ya siku nne.

"Huyo wa tatu ndiye namwogopa," anasema. "Tajiri akikosa raha, atapanga ingine. Huyu wa mwaka mzima hana ingine. Nikikosea, nimemharibia mwaka."

Kanyiva ni wa ukurasa wa tatu. Ana miaka hamsini na mmoja, na kwa miaka kumi na minne amefanya kazi ya nyumbani kwa familia moja ya Loresho. Yeye na Philister ni miongoni mwa wanawake waliokianzisha chama hicho baada ya ibada, miaka kumi na sita iliyopita, ingawa Philister alitoka alipoachishwa kazi na kushindwa kuchanga. Wanawake hao wamenunuliana sufuria, kisha majiko ya gesi, kisha matangi ya maji. Mwaka huu wakasema vyombo vimetosha. Walitaka wakae pamoja katika mji wa watu wengine, wapikiwe.

Walichagua Kigali kwa sababu kitambulisho kinatosha kuvuka mipaka, na kwa sababu wamesikia kwamba barabara zake husafishwa mpaka mtu anaona haya kutupa ganda la njugu. Wakamrudia mwenzao wa zamani awapangie, na kila mmoja akampigia simu kivyake kumweleza ana kiasi gani.

Wamucii, anayejulikana kama Mama Mbuthia, mwenye nyumba za kupangisha Uthiru, alikuwa na laki moja na elfu kumi na magoti mabovu. Alihitaji ndege na hoteli yenye lifti. Saba walisema ndege pia, na chumba cha wawili wawili. Kanyiva alikuwa na elfu thelathini na mbili, alizoweka tangu Januari. Zingemtosha kwa basi na kitanda katika nyumba ya wageni ya masista. Philister alihesabu mara mbili akaona inawezekana, akafurahi kweli.

Ndipo alipokosea. Katika chama hicho, kama katika vyama vingi, hakuna kinachofichwa. Kila mkutano mweka hazina husimama na kusoma jina la kila mtu na alichotoa, ili baadaye asije mtu akasema hakusikia. Philister alikulia katika desturi hiyo. Kwa hivyo Jumapili iliyopita, sebuleni kwa Mama Mbuthia, alisimama kama mweka hazina na kusoma safari ya kila mtu: jina, anavyosafiri, anapolala, anacholipa.

Alisoma ndege, ndege, ndege. Alipofika kwa Kanyiva, mwisho kabisa, akasoma basi.

Hakuna aliyecheka. Philister anasema ingekuwa afadhali wangecheka. Mtu mmoja alisema pole pole kwamba barabara ya Uganda ni nzuri siku hizi. Mwingine akauliza kama kwenye basi kuna choo. Kanyiva alisema sawa tu, akainuka akaanza kuwaongezea wenzake chai, nyumbani kwa mtu mwingine, na hakuna aliyemwambia akae.

Jumatatu akatuma ujumbe: mwajiri amekataa kumpa ruhusa, waende salama. Philister aliusoma akiwa kwenye foleni ya benki. Wiki mbili kabla, Kanyiva alikuwa amempigia akimweleza kwa furaha kwamba mama wa Loresho amempa siku sita na kumwandikia tarehe kwenye kalenda ya jikoni.

Jana, Alhamisi, Philister alifunga meza mapema, akateremka Waiyaki Way na kutembea kwa miguu hadi lango la nyumba hiyo. Kanyiva alitoka na aproni, akamsalimu kwa heshima, na wakasimama nje kando ya ua wa michongoma. Philister aliomba msamaha. Kanyiva alimsikiliza hadi mwisho.

"Si ati nimekasirika, Mama Becky," alimwambia. "Lakini kwa chama, jina yangu ikisomwa, inasomwa sawa na ya Mama Mbuthia. Mia tano, mia tano. Ni hapo tu mimi huwa sawa na mtu. Sasa hata hapo pameisha."

Philister anasema maneno hayo yalimchoma kuliko kama angetukanwa. Aliona aibu, na katika aibu hiyo akaropoka jambo la pili la kukosea: akasema atamwongezea pesa mwenyewe ili apande ndege na wenzake.

"Usinilipie," Kanyiva akamjibu. "Hiyo yangu ni kidogo lakini ni yangu. Nikilipiwa, nitakuwa nimepelekwa."

Akarudi ndani, kwa sababu watoto walikuwa karibu kutoka shule.

Philister alirudi mjini na kufanya kile alichopaswa kukifanya tangu mwanzo. Aliwapigia simu wale saba wa ndege, mmoja mmoja, na safari hii hakuwauliza wana pesa ngapi. Aliwauliza kama wangechagua ndege endapo wangejua kwamba majina hayatasomwa.

Debra, karani wa kliniki moja Kilimani, alicheka kwa aibu. Alikuwa ameanza kuulizia mkopo kwenye sako. Wawili wengine walikuwa wameichukua karo ya muhula ujao wakijiambia wataona mbele. Wote watatu walijua kwamba siku ya kusoma itafika, na hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho kwenye orodha. Desturi ile ilimweka mmoja tu mwisho, lakini ilikuwa imewaumiza wanne.

Basi watatu hao wakahamia kwenye basi, na wakashusha pumzi walipohamia. Philister akajiongeza wa tano, kwa pesa zake. Hajawahi kusafiri na wateja wake, lakini amesema mwaka huu atapanda, hata kama wakati wa kurudi basi litapita Bungoma mchana na mama yake amwone dirishani na kumwuliza kwa nini hashuki.

Leo saa moja asubuhi alimpigia Kanyiva, akamweleza yote bila kumtajia ni nani aliyeulizia mkopo na ni nani aliyechukua karo. Kanyiva alisema atafikiria. Tangu wakati huo simu ya Philister imelia mara tisa, na mara zote tisa waliopiga walikuwa watu wengine.

Saa nne yule wa kampuni ya basi anapiga kuuliza kama anaweza kuuza kiti. Philister anamwomba asubiri muda wake uishe. Saa tano anakosea tarehe ya mteja wa Kampala, anafuta, anakosea tena. Zedekiah anamletea maandazi, naye anayaacha kwenye karatasi yake.

Saa tano na dakika ishirini, Kanyiva anatokea juu ya ngazi. Amevaa sweta ya kwendea kanisani na ana mkoba umebanwa kwapani. Ameomba ruhusa ya saa mbili. Hasalimii kwa maneno mengi. Anavuta kiti cha mteja, anakaa, na kuutazama ukuta wenye jina lake lisilo na alama.

Anauliza basi linaondoka lini. Philister anamwambia Jumatano alasiri, na kwamba watafika Kigali Alhamisi jioni.

"Na wale wa ndege?"

"Ijumaa, saa tano asubuhi."

Kanyiva anahesabu kwa vidole juu ya mkoba, bila haraka. Usiku mmoja na asubuhi nzima. Anauliza kama hoteli ya Mama Mbuthia iko mbali na nyumba ya masista. Philister anamwonyesha kwenye simu: ni mwendo wa dakika kumi na mbili kwa miguu, kupitia sokoni. Kanyiva anaitazama njia hiyo kwa makini.

"Kwa hivyo hao wakishuka, sisi tutakuwa tunajua mji," anasema. "Nani atawapokea?"

Philister, aliyepanga safari zaidi ya mia nne, anakiri hakuwa amefikiria. Katika mipango yake yote, wa basi ni wa kufika amechelewa na kuulizwa kama alilala.

"Nitawapokea mimi," Kanyiva anasema, na anafungua mkoba kutoa kitambulisho. "Lakini mizigo wabebe wenyewe. Mimi nitakuwa nawaonyesha njia."

Analipa kiti chake, anakunja risiti mara nne, na kuteremka ngazi kuwahi gari la Loresho. Philister anaweka alama ukutani, kisha anageukia dirisha na kujifuta uso kwa kitambaa cha kufutia kompyuta. Zedekiah anainamia saa ya mteja kana kwamba hajaona.

Philister ana mipango. Anataka mwakani awe na meza yake mwenyewe, na awe akienda na kikundi kimoja kila baada ya miezi mitatu, wa basi na wa ndege pamoja. Anataka Becky amalize shule bila kuitwa ofisini kwa ajili ya karo. Lakini kwa sasa anafikiria Jumapili tu, chama kitakapokutana tena Uthiru na kumtaka asimame asome, kwa kuwa wamezoea kusomewa.

Atasimama, anasema. Hatasoma bei wala hoteli ya mtu. Ameshaandika atakachosoma, mstari mmoja kwenye karatasi safi: "Mama Mbuthia na wote mnaokuja kwa ndege, mkifika Kigali msiondoke uwanjani. Mwenyeji wenu ni Kanyiva."